Masomo ya mwaka wa mwisho, na vyuo vinavyoyasoma kabla mtoto hajayasoma

Kuanzia Januari hadi Machi kundi letu la WhatsApp la wazazi wa hapa Minnesota halilali. Shule zinafungua usajili wa masomo ya mwaka unaofuata, na zile picha za theluji na sambusa zinapisha picha za fomu. Mama mmoja anatuma fomu ya mwanawe wa darasa la 11 na swali fupi: "Jamani, huyu achukue nini mwakani?" Hapo kila mtu ana jibu. Mwenye mtoto aliyeko chuo kikuu anajibu kama mkuu wa kitivo, na asiye na mtoto kabisa ndiye anayeandika ujumbe mrefu kuliko wote.

Mwaka huu nami nilikuwa na fomu yangu mezani, ya binti yangu mkubwa. Nimekaa na kaunsela wa shule, nimewahoji wazazi waliotangulia, nimesoma kurasa za udahili za vyuo mpaka macho yakaniuma. Nikirudi kwenye lile kundi naona mjadala wetu huwa unaanzia pabaya. Tunaulizana somo gani ni gumu na AP ngapi, yale masomo ya sekondari yenye kiwango cha chuo, zinatosha. Kabla ya hapo ingefaa tujue orodha hiyo itasomwa na nani, na itasomwa lini.

Hilo la lini ndilo linalotuchanganya zaidi sisi tuliopita mikononi mwa NECTA, baraza la mitihani la Tanzania. Kwetu mwaka wa mwisho wa sekondari ni mwaka wa kukesha. Unaweza kusinzia Kidato cha Tano karibu chote, ukazinduka miezi ya mwisho, ukapasua pepa, na hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi. Ndiyo maana shangazi yake binti yangu, aliye Dar es Salaam, kila akipiga simu anauliza mtihani ni mwezi gani. Nimeshindwa kumweleza akaridhika. Mtihani huo haupo. SAT, mtihani wa kuombea vyuo, ipo, na baada ya vyuo vingi kuiweka kando 2020 imeanza kurudi: MIT waliirudisha 2022, Dartmouth na Harvard wakatangaza kuirudisha 2024. Lakini watoto wengi huifanya darasa la 11, na hakuna pepa moja la kufunga hesabu ya miaka yote minne.

Tazama kalenda. Maombi ya mapema kwa vyuo vingi hufungwa Novemba 1, na ya kawaida karibu na Januari 1. Shule zetu huku hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba. Mtoto anayeomba mapema anapeleka maombi akiwa amekaa darasani miezi miwili, hana hata alama moja ya mwisho ya darasa la 12. Mitihani ya AP hufanyika Mei, na matokeo hutoka Julai. Majibu ya vyuo huwa yameshatoka mwisho wa Machi au mwanzoni mwa Aprili, na tarehe iliyozoeleka ya kuthibitisha chuo ni Mei 1. Kwa maneno mengine, ile AP ya mwaka wa mwisho ambayo mzazi anaililia haitampa mtoto alama yoyote ya mtihani ya kuonyesha wakati anaomba. Kinachoonekana ni jina la somo. Common App, fomu inayotumiwa na vyuo zaidi ya 1,000, ina sehemu yake ya kuandika masomo unayosoma mwaka huu, na afisa udahili anaisoma sehemu hiyo huku masomo yenyewe ndiyo kwanza yameanza.

Turudi mezani kwangu. Fomu ya binti yangu ina mistari saba, mmoja kwa kila kipindi cha siku, na chini yake mistari mitatu ya masomo ya akiba. Alikuwa ameshaijaza kwa kalamu ya zambarau: Fasihi ya Kiingereza ya AP, Takwimu ya AP, Saikolojia ya AP, Anatomia, Serikali na Uchumi, kwaya, na kipindi cha kujisomea. Ukiitazama haraka ni orodha nzuri. AP tatu, jina moja la kidaktari, na kwaya kidogo ya kuupa moyo raha. Nikaisoma tena toka juu.

"Fizikia iko wapi?"

"Mama, sayansi si nimemaliza? Nimefanya Baiolojia, nimefanya Kemia, nimefanya ile ya darasa la tisa. Minnesota wanataka miaka mitatu tu."

"Na Kihispania?"

"Nimefanya mitatu. Halafu naongea Kiswahili nyumbani, Mama. Hiyo si lugha?"

"Lugha ni lugha. Ila hao wa jimbo wanakutaka umalize shule. Chuo kinataka nini?"

"Chuo gani?"

Swali hilo alilirusha kama mtu anayefunga mjadala, lakini ndilo lilipaswa kuufungua. Jimbo linaweka kiwango cha kumaliza sekondari, na chuo chenye ushindani hakikitazami sana kiwango hicho, kwa sababu kila anayeomba amekifikisha. Binti yangu anataka kuomba Chuo Kikuu cha Minnesota, Carleton kule Northfield, Macalester hapa St. Paul, na viwili katika vile vinavyochukua watu wasiofika watano kwa kila mia wanaoomba. (Macalester ndiko alikosoma Kofi Annan, akamaliza 1961. Nimelisema hilo nyumbani mpaka wanangu wananimalizia sentensi.) Kwa vyuo vya aina hiyo kuna maeneo matano yanayohesabiwa kuwa uti wa mgongo: Kiingereza, hisabati, sayansi, historia na maarifa ya jamii, na lugha ya kigeni. Harvard wanapendekeza miaka minne katika mengi ya maeneo hayo. MIT wanapendekeza hisabati ifike kalkulasi, na angalau mwaka mmoja mmoja wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Ukiirudia orodha ya zambarau kwa macho hayo, unaona mtoto aliyeacha lugha, aliyeikwepa Fizikia, na aliyetoka utangulizi wa kalkulasi darasa la 11 akageukia Takwimu badala ya kuendelea. Kila uamuzi una sababu yake. Ukiziweka sababu tatu pamoja, msomaji asiyemjua ataona mtu aliyepunguza mwendo.

Wazazi wenzangu waliosoma kwa tahasusi wanapata shida hapa, na nawaelewa. Kwetu ukiingia Kidato cha Tano umeshagawiwa njia: PCM, PCB, HGL, EGM. Mtoto akisema anataka udaktari, mkono wa mzazi unakwenda wenyewe kwenye PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), na chochote nje ya hapo ni kupoteza muda. Baba yake alipoiona Anatomia kwenye fomu alifurahi, akasema hilo ndilo la daktari, historia ya nini? Lakini Marekani udaktari hauanzii sekondari. Kwa njia ya kawaida unamaliza kwanza digrii ya miaka minne, ya chochote ilimradi umechukua masomo ya sayansi yanayotakiwa, unafanya mtihani wa MCAT, ndipo unaomba shule ya udaktari, miaka mingine minne. Anayedahili mtoto wa miaka 17 hadahili daktari. Anataka kuona kama anaweza kuandika, kuhesabu, na kukaa na jambo lisilompendeza mpaka alielewe. Fizikia inasema hayo vizuri kuliko Anatomia, ambayo katika shule nyingi huchukuliwa kama somo la kuchagua baada ya sayansi tatu kuu.

Niseme pia, kwa sababu jambo hili linawafanya watu wahame mitaa: orodha haisomwi peke yake. Kaunsela wa shule hutuma transkripti, ile rekodi ya masomo na alama zote, pamoja na waraka unaoieleza shule, yaani inafundisha AP ngapi, inaweka kikomo gani, alama zinahesabiwaje, wangapi huendelea na chuo. Katika ripoti ya Common App kaunsela pia huulizwa alinganishe masomo ya mtoto na ya wenzake wa shule hiyohiyo wanaojiandaa kwa chuo, na ngazi ya juu kabisa ya kulinganisha ni "magumu kuliko yote." Wa shule hiyohiyo. Shule yenye AP nne haiwekwi mzani mmoja na yenye 25. Kuna baba mmoja kwenye kundi letu aliyetaka kumhamisha mwanawe katika mwaka wa mwisho kwenda wilaya yenye AP nyingi zaidi. Tulimsihi asifanye hivyo, na nafurahi alitusikia. Pale kijana angefika Septemba hajulikani na mwalimu yeyote, halafu Oktoba aombe barua mbili za mapendekezo kutoka kwa nani?

Hisabati inahitaji maneno zaidi, maana ndiyo inayowaumiza watoto wetu kimyakimya. Hisabati ya shule za Marekani ni ngazi, na mtu hupewa kipago chake cha kwanza akiwa darasa la saba au la nane, wakati mzazi mgeni hata hajajua kuna ngazi. Aliyesoma Aljebra ya kwanza darasa la nane atafika kalkulasi darasa la 12 bila kukimbia. Aliyeianza darasa la tisa ataishia utangulizi wa kalkulasi, labda asome masomo mawili ya hisabati mwaka mmoja au aende shule ya kiangazi. Sasa mfikirie kijana aliyetoka kambi ya Nyarugusu au Kakuma akiwa na miaka 15, anaongea Kiswahili, Kibembe na Kifaransa kidogo, akaingizwa darasa la tisa. Vipindi viwili vya siku yake vinakwenda kwenye Kiingereza cha wageni. Hisabati anaweza kuwa anaijua, lakini maswali ya maneno yanamwangusha, basi anawekwa chini. Nimekutana na familia za namna hiyo kanisani. Kijana anafika darasa la 11 akiwa na A tupu, na fomu yake haina njia ya kufika kalkulasi. Nikiulizwa, husema mambo mawili. Achukue kipago cha juu kabisa anachoweza kukifikia, hata kama ni kupanda kimoja tu. Halafu mzazi aende kwa kaunsela ana kwa ana, na mkalimani kama anamhitaji, amwombe aeleze katika barua yake mtoto alianzia wapi na lini. Mtu aliyepanda kutoka darasa la Kiingereza cha wageni hadi Fasihi ya AP kwa miaka minne ana faili linalosomeka vizuri, ila lazima mtu alieleze. Kompyuta haitalieleza.

Kuhusu Takwimu na kalkulasi, ugomvi wa kila mwaka, msimamo wangu ni huu. Kwa anayetaka uhandisi, fizikia au uchumi wa hesabu nyingi katika chuo kigumu, kalkulasi ikiwepo shuleni na mtoto amefuzu hatua ya nyuma yake, aichukue. Kwa anayeelekea saikolojia, afya ya jamii au sheria, Takwimu ni somo la akili sana na litamfaa maishani kuliko kalkulasi. Tatizo ni kwamba wasomaji wengi wa maombi bado wameizoea kalkulasi kama ishara. Sikubaliani nao, lakini mimi siyo ninayesoma maombi.

Sasa PSEO. Hapa Minnesota huwezi kuongea masomo ya mwaka wa mwisho bila hilo neno, na wazazi wa Kiafrika wamelipokea kama mana. Sheria yake ni ya 1985. Mwanafunzi wa darasa la 11 au la 12 anaweza kusoma masomo ya chuo, chuoni kwenyewe au mtandaoni, na jimbo likalipa ada na vitabu vinavyotakiwa. Kuna watoto wanaomaliza sekondari wakiwa wamekusanya krediti za karibu miaka miwili ya chuo bila senti mfukoni. Kwa familia ambayo mama anafanya shifti mbili za nyumba ya wazee na baba anaendesha lori, hesabu hiyo haihitaji mjadala. Jirani yangu, mama wa Kikenya, alimpeleka mwanawe PSEO miaka yote miwili. Kijana akaingia Chuo Kikuu cha Minnesota na krediti zake zikapokelewa, na leo anamaliza digrii mapema kuliko rika lake. Kwa njia ile ilikuwa akili kubwa.

Lakini ukitaka vyuo binafsi vyenye ushindani, hasa vya nje ya jimbo, mambo yanabadilika. Vingi havipokei krediti ulizozipata ukiwa bado sekondari, au vinapokea chache. Hata AP nazo vivyo hivyo: Dartmouth, kwa wanafunzi walioanza 2014 na kuendelea, hawatoi krediti za digrii kwa AP, zinasaidia tu kuruka somo la mwanzo. Kwa hiyo akiba ya ada inayopigiwa hesabu inaweza isiwepo. Lipo pia suala la kujulikana. Mtoto wa PSEO ya siku nzima hakanyagi tena shule yake. Walimu waliomfundisha mara ya mwisho ni wa darasa la 10, na mhadhiri wake wa sasa ana darasa kubwa na hana mazoea ya kuwaandikia barua vijana wa sekondari. Na kuna jambo ambalo wazazi wa "mwanangu atakuwa daktari" hawaambiwi: alama za PSEO ni alama za chuo za kudumu. Siku anaomba shule ya udaktari atatakiwa aorodheshe kila somo la chuo alilowahi kusoma, pamoja na yale aliyosoma akiwa sekondari. Ile C aliyoipata akiwa na miaka 16, akisoma Kemia ya chuo mtandaoni huku anamwangalia mdogo wake, itakuwepo kwenye orodha.

Ipo njia ya katikati ambayo haina sifa kubwa kwenye WhatsApp: masomo ya chuo yanayofundishwa palepale sekondari na mwalimu wa shule aliyeidhinishwa, kama mpango wa College in the Schools wa Chuo Kikuu cha Minnesota. Mtoto anabaki na walimu wake, na krediti anapata. Kama shule yenu inao, ulizieni kabla ya kukimbilia PSEO.

Lugha. Binti yangu hakuwa amesema uongo kwamba Kiswahili ni lugha. Common App inauliza lugha anazozijua mtu, na hapo Kiswahili kinaandikwa bila aibu. Majimbo mengi sasa, Minnesota likiwemo, yana muhuri wa lugha mbili kwa wanaomaliza sekondari, na Kiswahili kinaweza kupimwa. Nimewahimiza wote kwenye kundi wawapeleke watoto wakapimwe, maana watoto wetu wengi wanaelewa kila neno mezani lakini wakiambiwa waandike aya moja wanaanza kutoa jasho. Hata hivyo muhuri na mwaka wa nne wa Kihispania hufanya kazi tofauti. Muhuri unaonyesha anachokijua, na Kihispania cha nne kinaonyesha kwamba alichokianza hakukiacha njiani.

Nilipofika hapo binti yangu alikuwa amekunja uso. "Sawa, Fizikia. Sawa, Kihispania. Sawa, kalkulasi. Kwaya sitoi. Na kipindi cha kujisomea sitoi."

Baba yake akadakia: kipindi kizima cha kukaa bure, hicho si angeweka AP nyingine? Hapo mimi nilikuwa upande wa mtoto, na sikuona haja ya kuzungukazunguka.

Hesabu ya saa za Septemba hadi Desemba ya darasa la 12 ni kali. Kuna insha kuu ya Common App, isiyozidi maneno 650, ambayo hakuna mtoto anayeimaliza kwa rasimu moja. Kila chuo kigumu kina insha zake ndogondogo juu ya hiyo, ukiomba vyuo vinane unaweza kujikuta na rundo la maswali ya "kwa nini sisi." Kuna FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa ada, na kwa vyuo vingi binafsi kuna CSS Profile, ambayo inauliza mambo ya fedha ambayo sisi hatujawahi kuwaambia hata ndugu zetu. Karatasi hizo hazikwepeki. Vyuo kama Macalester na Carleton vinaahidi kuziba pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia, kwa jinsi vyenyewe vinavyouhesabu uwezo huo, na ahadi hiyo haina maana kama fomu haikufika kwa wakati. Katika nyumba nyingi zetu mtoto ndiye anayezijaza, kwa sababu Kiingereza chake ni chepesi na mama yuko kazini. Mtoto huyohuyo anampokea mdogo wake saa tisa alasiri, anapasha chakula moto, anamsimamia kazi ya nyumbani. Common App ina nafasi 10 za shughuli nje ya masomo, na katika aina za shughuli yamo majukumu ya familia na kazi ya kulipwa. Mwambie ayaandike, na aandike saa. Vijana wetu wanaona aibu kuandika "nalea mdogo wangu" mahali ambapo wenzao wanaandika mashindano ya roboti. Wasione aibu.

Kwa hiyo AP ya nne ingechukua saa kutoka wapi? Ingezitoa kwenye insha au kwenye usingizi. Insha dhaifu inaonekana na kila anayelisoma faili lile, na AP ya nne ingeongeza neno moja kwenye orodha. Kile kipindi cha kujisomea ni prepo yake, sisi tuliosoma bweni tunajua thamani yake. Kilibaki.

Nimesema alama za mwaka wa mwisho hazionekani wakati wa kuomba mapema. Watoto wakilisikia hilo wanatabasamu, basi ni vizuri walisikie lote. Katikati ya mwaka, kwa kawaida Januari au Februari, kaunsela hutuma ripoti ya alama za muhula wa kwanza, na vyuo vya maombi ya kawaida vinaisoma kabla ya kuamua. Mwisho wa mwaka inakwenda transkripti ya mwisho. Barua ya kukubaliwa ina sharti ndani yake, na vyuo huifuta kweli pale mtoto aliyekuwa na A na B anapomaliza na D au F. Kubadilisha orodha nako kuna adabu yake. Umeandika kwenye maombi kwamba unasoma Fizikia, halafu Januari unaiacha kwa sababu ni ngumu: chuo kinatarajia kuambiwa. Usitegemee hakitajua, transkripti ya mwisho ni hiyohiyo.

Walio majimbo mengine wana mambo yao. Chuo Kikuu cha California, kwa kampasi zake zote, kinataka masomo 15 ya orodha yake maalumu, na 11 yawe yameshamalizika kabla ya mwaka wa mwisho. GPA yake, yaani wastani wa alama, huhesabiwa kwa alama za darasa la 10 na la 11, na SAT hawaiangalii kabisa. Texas kuna sheria ya kuwapokea moja kwa moja wanaoongoza darasa, na kwa Chuo Kikuu cha Texas kule Austin, kuanzia wanaoingia msimu wa vuli 2026, ni asilimia 5 ya juu. Nafasi hiyo kwa kawaida imeshapangwa mwishoni mwa darasa la 11. Kwa hiyo ushauri wa binamu aliye Houston usiuchukue mzimamzima ukauleta Brooklyn Park, hapa Minnesota.

Fomu tuliyoisaini ilikuwa hivi: Fasihi ya Kiingereza ya AP, Kalkulasi AB ya AP, Fizikia ya kawaida, Serikali ya AP, Kihispania cha nne, kwaya, kujisomea. Hesabu AP zake. Zilikuwa tatu kwenye orodha ya zambarau, na ni tatu hapa. Saikolojia ataisoma chuo akitaka, na Anatomia itamngoja. Kaunsela alipoiona aliuliza kitu kimoja tu, kama Fizikia ingemwelemea pamoja na kalkulasi, na binti yangu akamjibu mwenyewe kwamba baadhi ya mambo yatakuwa yanajirudia. Nilifurahi kwamba hakunitazama kabla ya kujibu.

Ilibaki mistari mitatu ya chini, ile ya akiba, ambayo watu wengi huiacha wazi au huandika chochote. Msiichezee. Shule inapopanga ratiba, masomo yenye darasa moja tu kwa siku hugongana, na kwaya na AP ndizo zinazogongana sana. Somo likikosa nafasi, kompyuta inashuka kwenye akiba na kuchukua la kwanza lililoandikwa, na mtoto anakuja kulijua Agosti wakati madarasa yameshajaa. Yeye alikuwa ameandika ufinyanzi namba moja, uandishi wa habari namba mbili, Jiografia ya AP namba tatu. Nikamwambia Jiografia ipande juu kabisa na ufinyanzi uende mwisho. Akasema ufinyanzi hauendi chini ya namba mbili. Tukaandika hivyo.